Chumba cha Juu cha Muzee Karoli

Vijana, nimechoka kuulizwa juu ya vyumba vya darini. Kila baada ya muda, mmoja wenu anakuja hapa, anakaa kwenye benchi yangu bila hata kupangusa vumbi la mbao, ananiambia mteja wake ana nafasi bure chini ya paa na anataka kuigeuza kuwa chumba cha kulala. Papa, si ni kazi ndogo? Unatandika mbao chini, unapigilia nyingine pembeni, unatoboa dirisha, watu wanalala. Mnasema hivyo mkiwa mmekaa kitako chini. Njooni mniambie hivyo mkiwa mmelala kifudifudi juu ya boriti saa saba mchana, mabati yamewaka jua mgongoni, ncha za misumari ya paa zinawakuna kichwa, na buibui anashuka taratibu kuelekea sikioni wakati mikono yote miwili imeshika msumeno.

Nimekuwa seremala wa Goma maisha yangu yote ya kazi. Nimetengeneza milango, makabati, madawati ya shule, majeneza mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mtumbwi mmoja kule Kituku, gatini pa ziwa, ambao wenyewe walinikataza nisiutaje. Kazi zote hizo zilinichosha mikono. Kazi iliyonichosha roho ilikuwa chumba cha juu cha Muzee Karoli, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipokuwa bado nina meno yote na sijaoa. Nitawasimulia, na mkimaliza kusikiliza mnirudishie patasi yangu, kwa sababu najua iko kwenu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kichekesho. Mzungu mmoja mfanyabiashara aliijenga ukingoni mwa mji, kuta za mawe meusi ya volkano, na juu akaweka paa lililosimama wima kama mikono ya mtu anayesali. Kwao, nadhani, theluji huanguka, na paa likilala theluji inalivunja. Sisi theluji tunaiona mara moja moja kwa mbali, juu ya Karisimbi, na haijawahi kushuka mjini kutafuta mahali pa kulala. Mzungu akahama, Muzee Karoli akaichukua nyumba ile, na chini ya paa lile refu kulikuwa na nafasi kubwa iliyojaa popo na hewa ya moto tu.

Muzee Karoli alikuwa mtu wa Rutshuru. Alinunua maharage huko Kalengera na vijiji vya jirani, akayaleta Goma kwa lori, akayapeleka Bukavu kwa meli. Nyumba aliipanga hivi: mbele duka, katikati chumba chake na mkewe Mama Veronika, na pembeni, ukuta kwa ukuta na chumba hicho, depo ya maharage. Mabinti zake walikuwa wameolewa, mmoja Masisi, wengine mbali zaidi. Nyumbani alibaki kijana mmoja tu, Anselmi, karani wa ofisi, aliyekuwa amechumbia msichana wa Kalengera aitwaye Domitila.

Shida ilikuwa Bukavu. Ofisi ya Anselmi ilikuwa inamtaka aende kufanya kazi huko, na huko walikuwa tayari kumpa nyumba. Goma hakuwa na mahali pa kumweka mke. Mama Veronika aliniambia wazi siku ya kwanza, amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Fundi, mutoto ni ule moja tu mwenye alibakia. Kama kule juu chumba haitoke muzuri, ataenda Bukavu. Na mwenye anaenda Bukavu, tutakuwa tunamuona paka siku ya Noeli tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, chumba kitatoka kizuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kazi kubwa peke yangu, na nilikuwa na majivuno ya kutosha kujaza depo.

Sasa kabla hamjaniuliza, nawaambia jambo la kwanza la kazi hii: dari si sakafu. Nililijifunza kwa mwalimu wangu, Fundi Stefano, mtu mfupi, mkali, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Siku moja tulikuwa juu ya nyumba ya mteja mwingine, ananieleza kwamba zile fito zinazoshikilia dari zimewekwa kubeba matete na chokaa, hazikuwekwa kubeba mtu. Alikuwa ananionyesha kwa kidole huku anarudi nyuma. Mguu wake ukapita. Mguu mzima, hadi kwenye nyonga. Chini familia ilikuwa mezani, na tukamsikia mama mwenye nyumba anauliza kama kile kiatu kinashuka kula au kinarudi. Stefano hakutikisika. Akaning'inia pale pale, akaniangalia, akasema: "Unaona? Nilikanyaga nini?" Nikasema, dari. "Nilipaswa kukanyaga nini?" Nikasema, boriti. "Basi umejifunza. Sasa nivute."

Kwa hiyo kwa Muzee Karoli nilianza na boriti. Nilipanga boriti mpya za libuyu, ule mti mgumu wa msituni, kutoka ukuta hadi ukuta, nene, karibu karibu, nikaziacha zile za mzungu zishikilie dari yao. Na zile boriti kubwa zinazofunga kuta mbili zisifunguke, sikuzigusa hata kwa macho. Kuna kijana hapa hapa mtaani, simtaji, alizikata mwaka jana ili mteja asigonge kichwa. Sasa mteja hagongi kichwa, na kuta zake zinaachana kama watu waliokosana sokoni.

Boriti zile ndizo zilizoniamulia chumba kikae wapi. Upande wa duka mbao za paa zilikuwa zimesongamana hata mbuzi asingepita. Upande wa depo paa lilishuka chini mno. Mahali pekee ambapo mtu mzima angeweza kusimama na kunyoosha mikono palikuwa katikati. Niliweka sakafu hapo, nikaacha nafasi ya kitanda, nikapanga ngazi nzuri ya ndani inayopanda kutoka kwenye ukumbi mdogo. Ngazi ile, vijana, niliipiga randa mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu. Nikamwita Muzee Karoli aje aione.

Alikuja na kofia yake na fimbo yake, akaitazama ngazi muda mrefu.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini inapita mbele ya mulango yangu."

"Muzee, ukumbi uko na njia moja tu. Kila kitu kinapita mbele ya mulango wako."

"Basi itoke inje."

"Inje wapi?"

"Inje ya nyumba. Watu wapandie kule nyuma."

Nje! Mnajua nje ya nyumba za Goma kuna nini. Hakuna udongo, kuna jiwe. Kule kwetu Masisi ukitaka kusimamisha nguzo unachimba, jembe linazama, unamaliza unakwenda kunywa maziwa. Hapa unakaa juu ya moto wa zamani uliogeuka mwamba, unapiga tindo, tindo linaruka, linakurudia mguuni. Nilitumia siku nyingi kuchimba vishimo vidogo vya kushika miguu ya ngazi, na jioni nilikuwa nanoa tindo kama mtu anayelisha mtoto asiyeshiba. Kisha nikavunja ukuta wa mbao juu kwenye pembe ya paa, nikatia mlango. Ngazi ya ndani, ile ya shavu, nikaipasua kuwa rafu za duka.

Muzee akaja kuangalia. Akapanda, akatembea hatua chache juu ya sakafu, akasimama ghafla.

"Inalia."

Ilikuwa inalia, ndiyo. Mbao za sakafu zilikuwa za mkaratusi, zililetwa kwa mtumbwi mpaka Kituku zikiwa bado zinanuka msitu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ananiharakisha harusi isije ikafika kabla ya chumba. Mkaratusi mbichi hauna adabu. Unaupigilia leo umenyooka, kesho umejikunja, keshokutwa umeachia msumari na unapiga kelele ukiguswa. Mkitaka kuutumia, upangeni kivulini, wekeni vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite, kisha mfanye kazi nyingine mpaka muusahau. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza kwa heshima sana.

"Nimesikia, fundi. Sasa fanya isilie."

Nikang'oa mbao zote. Nikajaza kati ya boriti changarawe nyepesi za volkano, zile nyeusi zenye matundu, ili zimeze sauti. Nikazichekecha kwanza kwa chekecheo la Mama Veronika bila kumwomba. Vumbi likapita kwenye nyufa za dari likashuka juu ya kitanda chake alichokwisha kukitandika kwa ajili ya wageni, na alichoniambia Mama Veronika siku ile siwezi kukisema mbele ya vijana. Nikarudisha mbao. Zililia kidogo tu, kama paka anayeota.

Muzee akaja. Alikuwa amebeba fimbo yake, na kwa fimbo hiyo akaanza kusogeza kitanda ambacho hakikuwapo bado. Aligonga sakafu hapa, akagonga pale.

"Kitanda ya batoto itakaa wapi?"

"Hapa katikati, Muzee. Mahali pengine watagonga vichwa."

"Iende kule kwa duka."

"Kule hakuna nafasi hata ya kuku."

"Basi kule kwa depo."

"Kule mtu atalala bati likimgusa pua."

Akasimama, akaniangalia kama anayetaka kusema kitu, kisha akasema kwamba mvua inakaribia, akashuka. Mvua haikunyesha siku ile wala kesho yake. Toka hapo hakupanda tena. Nikawa namwona chini uani, anazungukazunguka, anainua macho kuelekea dirisha, anayashusha.

Nawaambia, niliwahi kufanya kazi kwa watu wagumu. Kuna aliyetaka mlango ufunguke pande zote mbili. Kuna mama aliyetaka kabati lake lipakwe rangi ya chai. Lakini angalau hao walikuwa wanasema wanachotaka. Muzee Karoli kila siku alikuja na ugonjwa mpya wa mbao: mara ngazi, mara sakafu, mara kitanda, mara dirisha linatazama vibaya. Nilipotengeneza ugonjwa mmoja alizaa mwingine. Mwishowe nikatupa nyundo, Mungu anisamehe, nikashuka nikamfuata dukani mbele ya wateja wake.

"Muzee, uniambie kabisa! Unataka nini?"

Akafunga gunia lililokuwa wazi mbele yake, akalifunga vizuri, fundo juu ya fundo.

"Nataka chumba muzuri ya mutoto wangu," akasema. Hapo hapo akaanza kumpimia mteja maharage.

Anselmi naye alikuwa amechoka. Alikuja siku moja baada ya kazi, shati jeupe, akakaa juu ya magunia matupu, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Fundi, papa anasemaka nini juu ya Domitila?"

"Hasemi kitu. Anasema juu ya mbao."

"Basi hamutaki. Hataki nimuoe. Anatafuta tu sababu." Akavua viatu, akakung'uta vumbi la changarawe. "Usijisumbue tena. Nitaenda Bukavu. Kule nyumba iko, hakuna mutu atasema eti inalia."

Mama Veronika alikuwa mlangoni na alisikia. Alirudi jikoni, na tukasikia vyungu vinawekwa chini kwa nguvu kimoja baada ya kingine.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Fundi Stefano na kumwaga hasira zangu zote mezani kwake. Nikamwambia kazi hii naiacha, yule muzee ni mgonjwa wa kichwa. Stefano akachukua penseli sikioni, akairudisha, akavaa kofia, akaja nami. Akapanda ngazi ya nje, akaikagua bila kuisifu. Akaingia chumbani. Kufikia wakati huo mkaratusi ulikuwa umekauka na kusinyaa, na kati ya mbao mbili za katikati kulikuwa na ufa. Alinifanya nilale chini kifudifudi, nichungulie. Changarawe zilikuwa zimejitenga hapo, na dari ya matete chini yake ilikuwa na tundu.

"Unaona nini?"

"Kitanda."

"Kitanda ya nani?"

"Ya Muzee."

"Na pale wewe umelala sasa, itakuja kitanda ya nani?"

Nikabaki nimelala. Vijana, ninyi mmekulia katika nyumba za ghorofa, mnalala juu ya vichwa vya watu bila kujua hata majina yao. Sisi watu wa milimani tulikuwa na mambo yetu kati ya baba na mukazana, yaani mke wa mwanawe. Mukazana hamtaji baba mkwe jina. Hakai kwenye kiti chake. Haruki miguu yake hata akiwa amelala njiani. Kitanda cha baba mkwe hakigusi, na yeye hatazami cha kwao. Lakini kulala juu ya kichwa chake, hilo hakuna mkubwa aliyewahi kutukataza, kwa sababu kwetu Masisi juu ya baba mkwe kulikuwa na nyasi na mvua, basi. Nani angeota kwamba ipo siku mukazana atatandika kitanda angani?

"Sasa sababu gani hakusema?" nikamuuliza Stefano, na nilikuwa karibu kulia kwa hasira. "Nimevunja ngazi! Nimechimba jiwe! Angesema neno moja!"

"Amuambie nani? Akuambie wewe, kijana haujaoa, eti kitanda ya mukazana yangu isikae juu yangu? Muzee muzima? Amuambie Anselmi? Anselmi ataangalia wapi? Mama Veronika naye alijua tangu siku ya kwanza, na hawezi kuzungumza haya ya bwana yake mbele ya fundi. Kwa hiyo wanasema mbao. Mbao haina haya."

Mtaniuliza kwa nini sisi wenyewe hatukwenda kumwambia Muzee wazi. Ninyi mnadhani kila kitu kinatengenezwa kwa kusema wazi. Stefano alishuka, akamsalimia Muzee, akauliza habari za Rutshuru, za mvua, za ng'ombe wa shemeji yake, za bei ya chumvi Bunagana. Mimi nilisimama nikiuma midomo. Ndipo Stefano akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo:

"Muzee, maharage yenu haisikie baridi mule mu depo?"

Muzee Karoli akamtazama.

"Inasikiaka," akasema polepole. "Ukuta ule unatoka maji."

"Chumba yenu ya katikati ndiyo ingefaa maharage. Ni kavu."

"Ni kavu kabisa," akasema Muzee, na uso wake wote ukalegea, nikaona mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu anayecheka.

Wakati wa kwenda kuoga jioni ile ulipofika, magunia yalikuwa yamehamia kwenye chumba cha Muzee chenye dirisha, na kitanda cha Muzee kimehamia depo. Mama Veronika alibeba godoro akinung'unika kwa Kinyarwanda kwamba miaka yote ameomba chumba chenye dirisha, amekipata, na sasa maharage ndiyo yanayotazama nje. Lakini alilibeba haraka. Muzee aliwaambia majirani, waliouliza na wasiouliza, kwamba maharage yalikuwa yanaharibika. Hakuna mbao iliyolia tena. Nilimaliza chumba kile kwa amani: nikatandaza mikeka ya mafunjo chini ya mabati, nikiacha nafasi hewa ipite kati yake na bati. Usibandike mkeka juu ya bati moja kwa moja, utapika watu. Kitanda nilikitengeneza juu huko huko, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, na mafundi wanaokumbuka jambo hilo baada ya kumaliza kitanda chini ni wengi kuliko mnavyofikiri.

Anselmi na Domitila walifunga ndoa kanisani. Bibi harusi akapandishwa ngazi ya nje, akakaa ndani siku zake za kufichwa kama desturi ilivyotaka, mpaka watu wa Kalengera walipokuja na vikapu vyao na nyimbo zao kumtoa. Baada ya hapo alianza kushuka asubuhi na kufagia ua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nimeingia kwenye kazi ya madawati, nikidhani mambo yamekwisha.

Mama Veronika akaniita. Nilimkuta uani, macho mekundu, amesimama kati ya vyombo vilivyotolewa nje: sufuria mpya za harusi, mablanketi, kioo.

"Fundi, ututengenezee kasha. Kubwa. Batoto wanaenda Bukavu."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikauliza chumba kina nini tena, nikajiandaa kukasirika.

"Chumba haina kitu," akajibu Anselmi nyuma yangu. Alikuwa na kamba mkononi. "Kila asubui naamuka, nachungulia mu dirisha ile muliniwekea, naona papa anatoka mu depo. Anakohoa. Mavumbi ya maharage iko mu kofia. Miye nalala kule juu kama shefu ya kijiji, na papa yangu analala mu depo, kwenye ukuta inatoka maji, sababu ya miye. Siwezi, fundi. Afazali niende, arudie mu chumba yake."

Muzee Karoli alikuwa amesimama kwenye mlango wa depo. Alisikia kila kitu. Amwambie nini mwanawe? Kwamba alikwenda kulala depo kwa kupenda, ili yeye abaki? Hayo hayasemeki kati ya baba na mtoto, wala hapakuwa na Stefano wa kuyageuza kuwa maharage. Mama Veronika akaanza kukunja mablanketi ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Nikatoa kipimo changu, nikapiga magoti, nikaanza kupima sufuria, na nawaambia sijawahi kuchukia kasha kama lile.

Domitila akashuka ngazi. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alipomwona baba mkwe wake akageuza uso upande, kama inavyopasa, akaja akasimama karibu yangu akimpa Muzee bega. Kisha akanisemesha mimi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa miguuni pake.

"Fundi, kule juu ni pakavu?"

"Ni pakavu, mama."

"Mvua haiingie?"

"Tone haliingii."

"Kama mutu anaweka maharage kule, itaharibika?"

Nikaanza kuona anakokwenda, na mgongo ukaniuma kabla ya wakati. "Haitaharibika," nikasema.

"Basi maharage ipande. Muzee na mama barudie mu chumba yabo. Siye tutashuka mu depo. Mutapaka chokaa, mutatoboa dirisha, mutaziba fasi ukuta inatoka maji. Miye sikuolewa eti nikae mawinguni, nilikuja kukaa na watu."

"Mama," nikamwambia, nikasimama, "ile sakafu niliijenga ibebe watu wawili na kitanda. Unajua magunia ya maharage ya Muzee ni mangapi? Ile sakafu itashuka na maharage yake mpaka chumba cha chini!"

"Uongeze boriti."

Uongeze boriti! Alisema kama anayeomba niongeze chumvi. Nikamweleza kwamba itabidi ning'oe sakafu yote tena, nitoe changarawe zote nilizochekecha, nipandishe boriti nyingine kwa ngazi ya nje ambayo haikujengwa kupandisha boriti, na kwamba chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, chenye mikeka, chenye hewa, chenye dirisha linalotazama ziwa, kitalaliwa na maharage. Nilisema mengi. Alisikiliza yote kwa heshima, kama vile baba mkwe wake alivyonisikiliza habari za mkaratusi, na nikajua nimeshindwa.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Tutakusaidia kubeba."

Anselmi aliangalia kamba iliyokuwa mkononi mwake. Akamwangalia mkewe, akaangalia mlango wa depo, kisha akainama akanichukulia kipimo mkononi, akakikunja, akakitia mfukoni mwangu. Mama Veronika akakaa chini juu ya mablanketi, akafunika uso kwa kitambaa chake.

"Fundi," akasema Muzee Karoli kutoka mlangoni. Akakohoa vumbi la maharage, akaanza upya. "Fundi, ule mwenye anasema na wewe, umuambie hapa ni kwake. Umuambie ni miye nimesema."

Domitila alikuwa amesimama kati yetu, karibu kiasi kwamba Muzee angenyoosha fimbo angemgusa. Nikamgeukia nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Akatazama chini, akaniambia nimwambie Muzee asante. Nikageuka tena kwa Muzee, nikamwambia.